Kichwa Kilichobaki

Sehemu ya Sita

Wiki jana tulimwacha Margareta mlangoni kwake pale Charambe, Mbagala, kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mafuriko. Mbele yake yuko shemeji yake, Ferdinand, na mashine ya kunyolea mkononi. Nyuma ya Ferdinand wako wazee wanne wa ukoo, mkeka na karai la maji.

Kwa uliyechelewa kuanza nasi: mume wa Margareta ni Wilfred, mchonga vinyago. Miaka minne iliyopita alikwenda kusini kufuata magogo ya mpingo. Aliaga wiki tatu. Hakurudi, hakupiga simu, na hakuna aliyeleta hata shati lake. Sasa ukoo umechoka kungoja, umeweka matanga bila kaburi. Na kwa mila yao matanga hayaanuliwi mpaka mjane anyolewe.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni kichwa kimoja.

"Kaa kwenye mkeka, shemeji," Ferdinand alisema. "Dakika tano tu."

"Nionyeshe kaburi kwanza."

"Usituchoshe, shemeji."

"Nionyeshe kaburi. Basi nionyeshe hata kiatu chake. Nitakaa mwenyewe, na hiyo mashine nitaishika mwenyewe."

Mzee Mashaka, msemaji wa ukoo, akakohoa. Huyu mzee hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa yanaumiza.

"Binti yangu, mwanamke asiyenyolewa si mjane. Na kama wewe si mjane wa Wilfred, kwenye nyumba hii ni nani?"

Margareta akaikaza mikono kwenye fremu. Miaka kumi na moja ya ndoa na hakujaaliwa mtoto. Angekuwa na mtoto, angesema mie ni mama wa fulani. Hakuwa na fulani.

"Jumamosi ijayo tunarudi," Ferdinand alimaliza. "Ama unyolewe, ama ufungashe."

Wakaondoka na mkeka wao. Lakini walimwachia Margareta mtihani mkubwa kuliko mashine. Walimwachia mama mkwe wake.

Bibi Demetria alikuwa kapanda basi kutoka Masasi wiki mbili nyuma, miguu imemvimba, umri umeshavuka sabini. Hakuja kutembea. Alikuja kumlilia mwanawe. Tangu afike hajamgombeza Margareta hata mara moja, na Margareta alitamani heri agombezwe.

Jumapili bibi alikataa uji. Jumatatu akakataa tena.

"Mama, japo vijiko viwili."

"Sisikii njaa, mwanangu."

"Jana pia hukula."

Bibi Demetria alikisukuma kikombe pembeni taratibu, kama anayeogopa kukiudhi.

"Wewe una miaka minne unamsubiri," alisema. "Mie nina miaka minne siwezi hata kulia. Kila nikitaka kulia, watu wananiambia, mama nyamaza, mkewe hajanyolewa, ukimlilia mtu aliye hai utamwitia mauti. Basi nanyamaza. Nimechoka, Margareta. Nimembeba mtu ambaye si hai, si maiti. Nataka kumlilia mwanangu kabla na mie sijaliliwa."

Margareta akatoka nje hadi bafuni, akauma upindo wa kanga ili bibi asimsikie.

Sasa, msomaji, lazima nikwambie jambo ambalo majirani wa Charambe hawakulijua. Wao walimwona Margareta na kilemba chake wakasema, huyu mwanamke anapenda nywele zake kuliko mume. Haikuwa hivyo. Margareta hakuwahi kupenda nywele katika maisha yake.

Alipokuwa mdogo kule Nachingwea, mama yake alikuwa akimchana huku akilalamika: "Kipilipili hiki umekitoa wapi? Kwetu hakipo." Shule ya msingi walimnyoa miaka saba. Sekondari wakamnyoa minne. Alipokuja Dar kupika kwenye jiko la shule moja kule Kinondoni, akaendelea kunyoa mwenyewe, maana moshi na jasho na nywele havikai pamoja. Kisha akaolewa na Wilfred, na Wilfred akaichukua kazi hiyo.

Kila baada ya Jumamosi mbili Wilfred alimkalisha kwenye kigoda uani, akamnyoa polepole kwa mkono ule ule uliozoea patasi.

"Kichwa hiki ningekikuta kwenye gogo la mpingo," alikuwaga anasema, "nisingekiuza."

Asubuhi ya kuondoka alimnyoa. Akapuliza vinywele shingoni mwa mkewe, akasema, "Zikianza kukuwasha, ujue niko njiani."

Zilianza kuwasha. Hakuwa njiani.

Margareta akaapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaomnyoa. Ndivyo nywele zilivyoota, si kwa kupendwa, kwa kungojea tu. Mwaka wa kwanza aliziona kama mgeni asiyealikwa. Zilimjaza mba, zilimpasha joto jikoni, zilivunja meno ya vitana vitatu. Mwaka wa pili akaacha kabisa kujitazama kwenye kioo. Alizifunga kilemba asubuhi, akalala nacho. Ukimuuliza nywele zake zina rangi gani, asingeweza kukujibu.

Aliyezifungua ni Yasmini. Yasmini ni jirani yake, msusi, mwenye saluni ya mabati pale Rangi Tatu, mwanamke wa maneno mengi na vidole vyepesi. Siku moja ya mwaka wa tatu alimkamata Margareta mkono, akamkalisha kwa nguvu.

"Vua hicho kilemba, shoga. Kinanuka moshi mpaka kwangu."

Alimwosha mara tatu. Akampaka mafuta ya nazi. Akamchana kuanzia nchani, kidogo kidogo, saa mbili nzima. Alipomaliza akanyamaza, na Yasmini hanyamazi.

"Nani alikudanganya una kipilipili?" akauliza mwishowe.

"Mama."

"Mungu amsamehe. Hebu jitazame."

Margareta alijitazama. Zilikuwa nyeusi, nzito, zimeshuka hadi chini ya mabega, na upande wa kulia zimeingia mvi nne. Alilia. Hakujua analia nini. Tangu siku hiyo mkono wake ukawa unaingia wenyewe chini ya kilemba, anapoongea, anapongoja sufuria ichemke, anaposali. Hakumwambia mtu. Alijiambia bado anamtunzia Wilfred.

Turudi kwenye wiki yetu.

Jumanne alasiri alipotoka kazini alipitia kwa Yasmini. Saluni ilikuwa na wateja wawili.

"Nikusukeje leo?" Yasmini aliuliza.

Mteja mmoja akadakia, "Si umsuke twende kilioni! Mtu ana msiba na kilio hataki."

Mwenzake akacheka hadi akashika tumbo. Twende kilioni ni mtindo wa mistari, kila msusi anaujua, ila siku hiyo jina lake lilimchoma Margareta kama mafuta ya moto.

"Wewe," Yasmini alimgeukia yule mteja na kitana mkononi, "mume wako yuko nyumbani anakula? Basi shukuru, ufunge domo."

Margareta akasema leo achanwe tu. Yasmini akaanza kuchana. Baada ya muda akainama sikioni.

"Shoga, nikuulize kitu usinune. Leo ukiambiwa Wilfred kafa kweli, utanyoa?"

"Saa hiyo hiyo."

"Hutafikiria?"

"Nifikirie nini? Mie namsubiri yeye. Kama hayupo, nasubiri nini?"

Alijibu haraka sana. Na aliamini alichosema.

Jumatano, saa kumi jioni, mtu akapiga hodi uani. Mwanamume mwembamba, kovu kwenye kidevu, kofia kaishika mbele ya tumbo. Bibi Demetria alikuwa amelala chumbani.

"Shemeji hunijui," alisema. "Naitwa Stephano. Mie ndiye niliyefuatana na Wilfred kule kusini."

Margareta alikuwa anachambua mchicha. Ungo ukamponyoka.

"Yuko wapi?"

"Keti, shemeji."

"Yuko wapi?"

Stephano alitazama chini. Alizungumza kama anayesoma kitu kwenye udongo. Alisema walivuka Mto Ruvuma. Alisema mwezi wa tatu wa safari, wakirudi, mtumbwi ulipinduka, yeye akashika gogo, Wilfred hakushika kitu. Alisema walimwona siku ya pili na kumzika palepale ukingoni, ng'ambo.

"Nilishindwa kuja. Niliogopa mtasema nimemuua. Nisamehe, shemeji."

Margareta hakupiga ukunga. Alikaa kwenye udongo, miguu kainyoosha, na mkono wake wa kulia ukapanda kichwani.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo baadaye lilimnyima usingizi kuliko kifo chenyewe. Kitu cha kwanza kuja akilini hakikuwa sura ya Wilfred. Hakikuwa mtumbwi wala maji. Ilikuwa ni sauti, sauti ile ya mashine ikiwashwa. *Wataninyoa.*

Mume kafa, na yeye anaogopea nywele.

"Umemwambia nani mwingine?" aliuliza.

"Nimeanzia kwako. Ndiyo heshima."

"Basi ishia kwangu, kaka Stephano."

Stephano akashtuka. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Na mama yake? Si yumo humo ndani?"

"Mama nitamwambia mwenyewe. Nenda. Tafadhali."

Yule mtu alisita, akageuza kofia mkononi mara mbili, kama mtu ambaye mambo hayakumwendea alivyotarajia. Kisha akaondoka.

Margareta aliokota mchicha wake, jani moja moja.

Hakumwambia bibi Jumatano. Alhamisi asubuhi alifungua mdomo akaishia kumuuliza bibi atajifunika shuka zito au jepesi. Alipokuwa kazini alichoma maharage ya watoto mia tatu, mpishi mkuu akamfukuza jikoni akapumzike. Kila mtu alidhani anaumwa. Aliumwa, lakini si kwa ugonjwa wa hospitali.

Alhamisi hiyo hiyo mchana, alipokuwa anaingia nyumbani, akamkuta Yasmini mlangoni anapiga kelele.

"Uko wapi wewe! Bibi kaanguka!"

Walimpakia kwenye bajaji hadi zahanati. Mganga alimpima presha, akamvuta kope, akamminya ngozi ya mkono.

"Huyu mama ana siku ngapi hajala?"

"Siku nne," Margareta alisema.

"Mnaishi naye?"

"Ndiyo."

 Mganga alimtazama Margareta kama unavyomtazama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Bibi akatundikiwa dripu, jioni wakarudi naye, mwepesi kama kanga iliyokaushwa juani.

Ijumaa Margareta hakwenda kazini. Saa nane mchana aliketi chini, kando ya kitanda cha mama mkwe wake.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Wilfred amefariki."

Bibi Demetria hakutikisika. Margareta akasema yote: mto, mtumbwi, ng'ambo, Stephano. Akasema na siku.

"Jumatano," bibi alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mie nimelala hapa na njaa, nimeanguka, nimetundikiwa maji, na wewe msiba wa mwanangu umeuficha mdomoni kama pipi."

Margareta akalala kifudifudi sakafuni.

"Kwa nini?" bibi aliuliza. Hakufoka. "Sikutukani. Nataka kujua tu. Kwa nini?"

"Kwa sababu watanyoa nywele zangu."

"Nini?"

"Niliwaambia watu wote sinyoi kwa sababu namsubiri mume wangu. Na mie mwenyewe nilijua ni hivyo. Sasa hakuna wa kumsubiri, mama, na bado sitaki. Nimejaribu kutaka, nimeshindwa. Ni aibu, najua. Mtu gani anafiwa na mume akafikiria kichwa chake?" Alikuwa anaongea na sakafu. "Sikuzaa. Nyumba si yangu, wamenionyesha. Mchongaji wangu kaliwa na maji. Mama, hizi ndizo pekee zilizoota kwangu."

Ndipo Bibi Demetria akapiga ukunga.

Sijui kama umewahi kusikia kilio cha miaka minne kikitoka kwa mkupuo. Majirani waliacha vyombo, Yasmini, aliyekuwa anasuka uani kwake, aliacha mteja kasukwa nusu akaja mbio. Bibi alimwita Wilfred kwa majina yake yote, la ubatizo, la nyumbani, na lile la utotoni ambalo Margareta hakuwahi kulisikia. Alilia mpaka sauti ikaisha, akaendelea kulia bila sauti.

Alipotulia, aliwaambia watu watoke. Akabaki na mkwe wake.

"Vua kilemba."

Margareta akajua mwisho umefika. Akapiga magoti, akavua. Nywele zikaporomoka mgongoni. Bibi Demetria hakuwahi kuziona. Alizishika, akaingiza vidole vyake vilivyopinda, akavipitisha kutoka utosini hadi nchani, mara moja, kisha mara nyingine. Margareta alifumba macho.

"Tuma mtu alete wembe," bibi alisema.

Yasmini alikuwa bado yuko uani. Alileta wembe mpya, akaukabidhi huku anamtazama Margareta kwa huruma, akatoka.

Bibi aliupokea, akaufungua karatasi yake, akamwekea Margareta mkononi.

"Ninyoe."

"Mama?"

"Ninyoe mie. Aliyetoka tumboni kwangu ni yeye, na mwenye msiba wa kwanza ni mie. Zako kaa nazo. Kesho wakija nitaongea nao mwenyewe."

"Mama, umenisamehe?"

"Sijakusamehe," bibi alijibu. "Nimekuelewa. Kusamehe kutakuja kukipata nafasi. Nyoa."

Margareta alinyoa. Akawa anasimama kila mara kufuta machozi ili asimkate. Mvi zikaanguka kwenye kanga kama pamba ya msufi. Alipomaliza, bibi alipapasa kichwa chake kitupu, akashusha pumzi ndefu, akasema ana njaa. Jioni hiyo alikula ugali na mchicha, akaomba tena.

Jumamosi asubuhi walikuja kama walivyoahidi. Ferdinand mbele, Mzee Mashaka na wenzake nyuma, mkeka, karai. Nyuma kabisa, karibu na uzio, alisimama Stephano, kofia mkononi.

Bibi Demetria alikuwa ameketi kwenye kiti uani, kichwa wazi, kinang'aa.

Ferdinand alipomwona alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Mama. Nani kakunyoa?"

"Mkwe wangu."

"Kwa nini?"

"Ndugu yako amekufa maji. Hukuambiwa? Shahidi si huyo umekuja naye?"

Ferdinand aligeuka kumtazama Stephano, akarudi kumtazama mama yake. Mashine ya kunyolea ilimtoka mkononi ikaanguka kwenye mchanga.

"Mama, hapana."

"Hapana nini?"

"Wewe hukutakiwa kunyoa. Ilikuwa anyoe yeye! Yeye tu!"

Akakaa chini na suruali yake ya kitambaa, mtu mzima wa miaka hamsini, akajishika kichwa.

"Stephano nilimtuma mie."

Akaendelea huku anatazama mchanga.

"Nilikutana naye mwezi jana, nikamuuliza habari za Wilfred, akasema hajui. Nikamwambia basi sema kafa maji. Kamwambie mkewe. Nilijua shemeji akisikia hivyo atanyoa mwenyewe, matanga yaanuliwe, wewe mama ulie, upumzike, urudi nyumbani. Mie ndiye niliyemwagiza Wilfred yale magogo. Miaka minne, mama, kila ukinitazama naona unaniuliza. Nilitaka yaishe tu."

Mzee Mashaka alisogea, uso umemwiva.

"Ferdinand, unajua ulichotufanyia? Mama akinyolewa kwa ajili ya mtoto ambaye huenda yu hai, kwetu amemfukia kwa mikono yake!"

"Najua, mzee."

"Hujui! Ungejua usingefanya!"

Bibi Demetria alikuwa anapapasa kichwa chake, mbele, nyuma, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo jana.

Wakati huo Margareta alitokea mlangoni. Alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Hakuwa na kilemba. Nywele zilikuwa wazi mabegani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kusimama hivyo mbele ya watu. Alishuka ngazi.

"Shemeji," alimwambia Ferdinand, "ulipoona sinyoi ukaamua kunitengenezea maiti."



"Funika kichwa, binti," Mzee Mashaka alisema. "Hapa kuna wazee."

"Shikamoo, mzee. Heshima yako naitunza. Ila sifuniki, na sinyolewi. Si kwa Wilfred. Jana nilidhani kafa, na nilikuwa sitaki vilevile, na nilimwambia mama hivyo, amuulize anayetaka. Awe hai, awe marehemu, hiki kichwa ni changu. Nyumba mkitaka chukueni."

"Hakuna anayechukua nyumba," Bibi Demetria alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wazee wote wakageuka. "Wewe uliye kwenye uzio. Njoo."

Stephano alikuja, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Nitazame kichwa," bibi alimwambia. "Umekitazama? Haya, nidanganye tena."

Stephano alianza kulia, kilio cha mwanamume asiyezoea.

"Mama, ya mtumbwi ni maneno ya kaka Ferdinand. Nisamehe. Lakini nilimdanganya na yeye. Nilipomwambia sijui alipo Wilfred, nilimdanganya."

Ferdinand akainua kichwa.

"Unajua alipo?"

"Nilimwona mwaka jana, mwezi wa tano. Ng'ambo ya mto. Nilikaa kwake siku mbili."

 Yu hai. Miaka minne Margareta alilisubiri neno hilo, akawa na hakika likija atakimbia barabarani akipiga vigelegele. Sasa limekuja, na miguu haikukimbia popote.

"Mzima?" bibi aliuliza.

"Mzima, mama. Anachonga."

"Basi kwa nini harudi?"

Stephano alimtazama Margareta, akatazama nywele zake, akatazama chini.

"Shemeji, nakuomba uingie ndani kwanza. Niongee na mama."

"Siingii."

"Shemeji, nakuomba."

"Nimekaa nje ya habari za mume wangu miaka minne. Sema hapa hapa."

 Stephano akamtazama Ferdinand kama anayeomba msaada.  Mwishowe akasema neno moja tu, taratibu:

"Demetria."

"Naam?" bibi aliitika.

"Siyo wewe, mama," Stephano alisema. "Ndilo jina la mtoto wake."